Jinsi ya kurudishiwa hela ya ukarabati wa nje ukiwa mpangaji Dar (kwa mwenye nyumba na kwenye LUKU)

Nina binamu yupo Ohio, 2024 alibadilisha madirisha ya nyumba yake, afu wakati wa kujaza ritani ya kodi akapunguziwa hela. Akatupia kwenye grupu la ukoo na picha juu. Basi kila mtu akaanza, na sisi huku tunaombea wapi? Jibu fupi ni kwamba hamna. Hapa hakuna ofisi unayopeleka risiti ya rangi wakakurudishia asilimia. Na hata kule ile nafuu ya kodi aliyopata yeye (asilimia 30 ya gharama, kikomo dola 1,200 kwa mwaka, kwa madirisha dola 600) imeisha kwa kazi zote zilizokamilika baada ya 31 Desemba 2025, sheria ya kuifuta ilisainiwa Julai 2025. Kwa hiyo ukitumiwa meseji WhatsApp inasema jaza namba ya NIDA upate ruzuku ya ukarabati, achana nayo.

Ila kuna kitu binamu aliniambia pembeni kikanikaa kichwani. Alisema hela ya ufundi kwenye yale madirisha haikuhesabiwa, walihesabu bei ya madirisha yenyewe tu, na kubadilisha paa hakukuwepo kabisa kwenye orodha. Tena kuna ruzuku nyingine kule zinazosimamiwa na majimbo ambazo kwa kawaida inabidi uombe na ukubaliwe kabla fundi hajagusa kitu. Yaani wenzetu hela wanaipata kwa sababu ya karatasi za kabla ya kazi. Hiyo ndo nikaichukua nikaileta huku Tabata Kimanga ninapopanga, maana na mimi hela yangu inarudi, nusu kwa mwenye nyumba na nyingine kidogo kidogo kwenye LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla. Nielezee nilivyofanya.

Kwanza kosa, maana nililipia. Nyumba niliyokaa kabla ya hii nilipaka rangi ukuta wa nje na kuziba paa kwa hela yangu, nikamaliza, ndo nikampigia mwenye nyumba kwa furaha kwamba nimekutengenezea nyumba, kwenye kodi ijayo tukatane. Akaniuliza swali moja tu, "nani alikutuma?" Sikuwa na jibu. Miezi miwili baadae akapandisha kodi kwa sababu nyumba sasa inapendeza. Kwa hiyo ukitoka na kitu kimoja humu kiwe hiki, usipande ngazi kabla hujakubaliana.

Hapa Kimanga tatizo lilikua joto. Bati la rangi ya maruni, chini yake jipsamu, chumba chetu kinaangalia magharibi, ikifika Januari ukiingia saa kumi jioni unaskia kama umefungua oveni. AC tulikua tunawasha saa moja jioni ndo watoto waweze kulala. AC ya BTU 12,000 kompresa ikiwa inafanya kazi inakula karibu yuniti moja kwa saa, piga mwenyewe. Feni ya kawaida inakula kama wati 60, yaani usiku mzima wa masaa kumi haifiki hata yuniti moja. Kwa hiyo vita yote ni kupunguza masaa ya AC, na joto linalokufanya uwashe AC linatoka juu. Dar jua linapita karibu kabisa na utosi, mwanzoni mwa Machi na tena karibu tarehe 10 Oktoba linakua juu ya kichwa haswa, kwa hiyo paa ndo linapigwa siku nzima, ukuta wa magharibi unafuata, ukuta wa kusini na kaskazini wala usihangaike nayo sana.

Sasa kwenda kwa mzee. Makosa ya wengi ni kwenda kulalamika joto. Mwenye nyumba joto lako halimhusu, yeye halali pale, na akikuona unalalamika anaona unataka kuhama au unataka punguzo. Kinachomuuma ni bati lake. Mi nilikodi ngazi kwa jirani nikapanda asubuhi nikapiga picha kutu kwenye vichwa vya misumari na sehemu moja karibu na kofia ya paa rangi ilishaanza kubanduka. Afu nikafanya na kajaribio, nilikuta vipande viwili vya bati lilelile nyuma ya choo cha nje, kimoja nikakipaka nyeupe mikono miwili, kingine nikakiacha. Jumapili saa saba mchana nikaviweka juani pale kibarazani kwake tukiwa tunaongea.

Shikamoo mzee. "Marahaba mwanangu, kodi si bado, kuna nini tena?" Nikacheka, nikamwonyesha picha za kutu kwanza. Akavaa miwani, akakuza picha kwa vidole, akanuna. "Hii mbona hamkuniambia?" Hapo nikajua nimempata. Tukaongea kama nusu saa, kahawa ikaja, ndo nikamwambia mzee hebu gusa hivyo vibati. Cheupe akashika kawaida, kile cha maruni aliweka mkono akaurudisha fasta, akaniangalia. Hakusema kitu kuhusu joto, alichosema ni "kumbe ndo maana rangi inababuka." Sawa, mi nataka nini zaidi.

Tulikubaliana nusu kwa nusu. Bajeti yote ilikua 480,000, rangi, praima, silikoni, neti na ufundi, kwa hiyo yeye 240,000, ila hatoi taslimu, inakatwa kwenye kodi. Tunalipa kwa miezi sita sita kwa hiyo 120,000 mara mbili. Usimwombe mwenye nyumba hela mkononi, atakwambia ngoja mwanangu atume, mwombe ukatwe kwenye kodi, inamuuma kidogo kuliko kutoa. Na usidai mia kwa mia, we ndo unafaidi ubaridi, akiona unajua hivyo anakua mpole.

Karatasi tuliandika palepale, nakala mbili, maneno ya kawaida tu: "Mimi fulani, mpangaji, na mimi fulani, mwenye nyumba iliyopo mtaa fulani, tumekubaliana mpangaji apake paa rangi nyeupe na kurekebisha matundu ya dari kwa gharama isiyozidi 480,000. Nusu ya gharama kwa mujibu wa risiti itakatwa kwenye kodi mbili zinazofuata. Mpangaji akihama au akiondolewa kabla, kiasi kilichobaki atarudishiwa siku ya kukabidhi funguo. Kodi haitapandishwa kwa sababu ya kazi hii mpaka mkataba uliopo uishe. Neti na vivuli vya kufunga ni mali ya mpangaji." Sahihi, tarehe, namba za simu, shahidi mmoja mmoja kila upande, mi nilimleta mjumbe. Sentensi ya kuhama na ile ya kodi kutopandishwa usiziache hata mzee awe mtu wa swala tano na hajawahi kukupandishia sauti. Watu hufariki, nyumba zinarithiwa, unabaki na watoto wake ambao hawakujui.

Na kama kazi yako ni kubwa kuliko rangi, mfano kuongeza veranda au kubadilisha umbo la paa, hiyo ulizia kwanza kibali manispaa, na mwombaji awe mwenye nyumba sio wewe.

Kuhusu risiti. Vifaa nunua mwenyewe, usimpe fundi hela ya vifaa. Duka likupe risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi), ipige picha siku hiyohiyo maana ile karatasi inafutika, mwezi tu unabaki na kikaratasi cheupe. Fundi hana risiti, mlipe kwa simu ili meseji ibaki, na kwenye daftari aandike jina, kazi, kiasi, asaini. Piga picha kabla, katikati, na mwisho, ukiwa umesimama sehemu ileile. Mzee alivyokuja kukagua hakuangalia hata risiti, aliangalia picha tu, ila siku ya kukatana kodi mwanae wa kike (ndo anamshikia hesabu) alizitaka zote moja moja, na namshukuru Mungu zilikuwepo.

Kazi yenyewe. Chagua Juni mpaka Septemba, masika imeisha na vuli haijaanza, maana rangi ikipigwa na mvua kabla haijakauka umetupa hela. Osha paa kwa maji na sabuni, sugua kutu kwa brashi ya waya, palipo na kutu paka praima ile nyekundu kwanza, vichwa vya misumari vinavyovuja weka silikoni. Kama bati ni jipya la zinki linang'aa, usipake tu moja kwa moja rangi itabanduka kama gamba la nyoka, uliza dukani praima ya zinki. Na usidhani kwa kuwa zinki inang'aa basi haipati moto, inarudisha jua ndio lakini joto lililoingia inachelewa kulitoa, nyeupe inafanya vyote viwili vizuri zaidi.

Chokaa watu wanaipenda kwa sababu ni bei chee. Mi nasema chokaa kwenye bati ni ya msimu mmoja, masika inakuja inaiosha yote inateremka kwenye ukuta wako. Nunua rangi ya bati ya nje, nyeupe, sio krimu. Kwa makadirio lita moja inafunika kama mita za mraba nane mpaka kumi kwa mkono mmoja, kwa hiyo paa la mita za mraba 100 mikono miwili andaa lita 20 mpaka 25. Pima paa sio sakafu, paa ni kubwa kuliko nyumba kwa sababu ya mteremko na vile linavyotoka nje ya ukuta, mi nilisahau hiyo nikarudi Buguruni mara ya pili kwa bodaboda nimekumbatia ndoo.

Fundi asimamiwe. Wa kwangu mkono wa kwanza alizidisha maji kwenye ndoo ili rangi ifike, nikashuka kunywa chai narudi naona maruni inachungulia kwenye weupe kama mtu aliyevaa kanzu juu ya bukta nyekundu. Tukaongea, akaongeza mkono wa tatu bure ila rangi nilinunua mimi. Waanze saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ikifika saa nne bati limeshapata moto, rangi inakauka kwenye brashi. Wakanyage pale palipopigwa misumari, ndo chini kuna papi (mbao zinazoshika bati), ukikanyaga katikati ya papi bati linabonyea na hapo ndo maji yatatuama. Kama mnakinga maji ya paa ya kunywa, bomba la kwenye tenki lichomoeni, na mvua mbili tatu za kwanza ziende kwenye bustani.

Jirani wa ghorofani kalalamika mwanga unampiga machoni jikoni kwake. Nikamwambia pole mama, vumbi la Tabata halina msimu, litalifubaza. Na kweli, kwa hiyo kila mwaka kabla ya Desemba panda na ufagio mrefu uoshe, paa jeupe likiwa chafu ni paa la kijivu.

Dari sasa. Hewa ya moto inakaa kati ya bati na jipsamu haina pa kutokea. Angalia kwenye ile pembetatu ya ukuta chini ya paa, huku na huku, kama kuna matundu ya kupitisha hewa, kwangu yalikuwepo ila mpangaji aliyepita aliziba na tofali kwa sababu ya popo. Tukazibua, tukaweka wavu wa chuma wa matundu madogo, popo hapiti, kunguru hapiti, hewa inapita. Hii ni kazi ya nusu siku na nadhani ndo ya bei rahisi kuliko zote kwenye orodha yangu, kama huna hela ya paa anza na hii. Ukiwa na uwezo kuna foili za kuweka chini ya bati, ila hizo ni rahisi wakati wa kuezeka, nyumba ikishaisha inabidi kufungua bati, siipendekezi kwa mpangaji.

Ukuta wa magharibi nilifunga neti ya kivuli, ile nyeusi ya bustani, kwenye waya kama sentimita 40 kutoka ukutani, isigusane na ukuta ili hewa ipite nyuma yake, na chini nikapanda pasheni. Pasheni bado inajikongoja. Kivuli kiwe nje ya dirisha, pazia zito ndani halisaidii sana maana jua likishapita kioo joto limeshaingia ndani. Makuti yanapendeza lakini kwa nyumba zilivyobanana hivi, cheche moja tu ya taka za jirani, mi hapana.

Kipimo sasa, maana hapa ndo watu wanajidanganya. Mtu anapaka paa Julai, anaona LUKU imeshuka, anasema rangi imefanya kazi. Julai hata bila rangi ungeshuka, ni kipupwe. Linganisha Februari na Februari. Meseji zote za LUKU usifute, kila Jumapili andika yuniti zilizobaki kwenye mita. Sisi Februari kabla ya rangi tulitumia yuniti 212, Februari iliyofuata 154. Tofauti 58, na inaendana na maisha yalivyobadilika, maana AC sasa tunawasha saa tatu usiku badala ya saa moja. Kwa tarifu (bei) ya kawaida yuniti ni shilingi 292, weka VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1 inakua 356.24, kwa hiyo 58 ni kama 20,600 kwa mwezi wa joto. Miezi ya joto ni kama minne, 80,000 hivi kwa mwaka, nusu yangu ya 240,000 itarudi kwenye misimu mitatu. Ningelipa yote peke yangu ni misimu sita, na sidhani kama nitakaa hapa misimu sita. Ile karatasi ya A4 kibarazani kwa mzee imeniokolea hela nyingi kuliko rangi yenyewe.

Kuna kingine kwa wasio na AC, na hawa ndo wanaweza kupata kikubwa zaidi. Nunua umeme wa 1,000 tu uangalie, baada ya kodi ya jengo kuwa imeshakatwa mwezi huo. Ukipata yuniti 2.8 uko tarifu ya kawaida, ukipata 8.2 uko ile ya matumizi madogo, D1, watu wanaita tarifu 4. Huko yuniti ni 100, na tozo inafika 122, yuniti 75 zote unazipata kwa 9,150. Yuniti hizohizo 75 kwa tarifu ya kawaida ni 26,700 na kitu. Sharti ni matumizi ya nyumbani yasiyozidi wastani wa yuniti 75 kwa mwezi, yaani mbili na nusu kwa siku, ni friji, feni, taa na tivii ya adabu, pasi kwa ratiba. Ukishakaa miezi kadhaa chini ya 75, nenda ofisi ya TANESCO ya eneo lako na namba ya mita, wanaangalia historia ya manunuzi yako, omba ubadilishwe. Ila ukiwa huko usizidi, yuniti ya 76 inaruka kuwa 350, na tozo 427, ghali kuliko hata ya tarifu ya kawaida, na ukizoea kuzidi wanakurudisha. Kwa mtu wa feni mbili, paa jeupe na matundu ya dari vinaweza kuwa ndo vinakuzuia usinunue AC, na hapo umebaki D1. Sisi wa AC tusahau.

Halafu kodi ya jengo. Mwezi ukianza ukinunua umeme inakatwa 1,500 kwa nyumba ya kawaida, 18,000 kwa mwaka. Hiyo ni kodi ya mwenye nyumba, we unaitoa kwa niaba yake kwa vile mita iko mkononi mwako. Siku ya kukatana kodi ya pango iweke mezani pamoja na ile 120,000, meseji za LUKU zinaonyesha kila mwezi ilivyokatwa. Mzee wangu alisema hakujua, mwanae akasema alijua. Ikakatwa 9,000 ya miezi sita.

Siku hiyo usilipe mkononi. Lipa benki au kwa simu kiasi kilichopungua, afu kwenye nakala zote mbili za karatasi andikeni "awamu ya kwanza 120,000 imekatwa, imebaki 120,000", tarehe, sahihi. Na kama mnachangia mita moja wapangaji wanne, anza na hilo la mita kwanza kabla hata ya kununua brashi, maana mkipunguza AC nyie, wa chumba cha pili atapika na jiko la umeme na bili mtagawana sawa.